Nusu Saa ya Maji kwa Mtende wa Bi Shinuna

Bi Shinuna binti Masud alikuwa na mtende mmoja, ulimi mkali, na nyumba ya udongo yenye mlango usiofungika. Watoto hakuwa nao. Mume alikwenda Bahrain kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke mwingine, akaleta talaka, ikawa ndiyo kwaheri. Watu wa Sidraya wakimwonea huruma, naye huruma hiyo akiichukia kuliko nzi.

"Mnihurumie mna nini?" akiwaambia wanawake wenzake. "Nyinyi wenye waume ndani ndio wa kuhurumiwa."

Akiishi kwa kusuka. Makanda ya tende, misala, pepeo, vifuniko vya chakula. Alikuwa hodari wa kusuka huku anatembea, kindu kazibana kwapani, vidole vinakwenda, na mdomo nao unakwenda. Ukikutana naye njiani utajua kwanza ukili umefika wapi, halafu utajua nani kagombana na nani. Mie nampenda mpaka leo, na najua wengine walimwogopa.

Mie si mzaliwa wa hapa. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Omani na mume wangu, Suleiman, ambaye baba yake ni mtu wa hapa hapa Sidraya. Tulifika nina mimba ya miezi saba. Nilidhani nakuja kwa ndugu. Kumbe ndugu wengine wameshakufa, wengine wamehamia Maskati, na waliobaki wakiziangalia nguo zangu na kukisikiliza Kiarabu changu cha kuokoteza, wakinicheka kwa adabu. Nikajifungua katikati ya kaskazi yao ya moto, maana huku kiangazi kinachoma mpaka ukuta unakuwa kama chungu mekoni. Suleiman alikuwa kapata kazi ya ualimu mji wa mbali, anarudi Alkhamisi. Mkunga alimkata mtoto kitovu, akanifunika, akaenda zake.

Siku ya tatu mlango ukasukumwa. Hodi hakuna. Akaingia mwanamke mrefu, mkavu, kabeba bakuli kwa mikono miwili.

"Weye ndiye Mzinjibari uliyezaa?"

"Ndimi."

"Umekula nini tangu uzae?"

"Mkate."

"Mkate!" Akaweka bakuli chini, akajishika kiuno. "Mtu kazaa, anakula mkate kama askari wa zamu! Kaa kitako. Kaa, nimekwambia."

Ndani ya bakuli mlikuwa na tende mbivu za mwanzo, laini, za mtende wake. Mtende wake ulikuwa naghali, aina inayoiva kabla ya nyingine zote. Kaziponda kwa samli ya moto na uwatu. Akanilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na mie machozi yakinitoka. Nilimkumbuka mama yangu, niliona haya, na njaa nayo ilikuwa inaniuma kweli.

"Usilie juu ya bakuli," akasema. "Utazitia chumvi."

Akaja kila siku mpaka arubaini ikatimia. Akamwogesha mwanangu Asila, akanikanda tumbo, akanitukana kwa uvivu wangu wa kunyonyesha. Siku moja, tumekaa, nikamuuliza kwa nini ananifanyia yote haya na hanijui. Akanyamaza. Kwa Bi Shinuna kunyamaza si jambo dogo, hata mtoto akageuza shingo.

Halafu akanihadithia. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Ya pili alijifungua wakati wa mavuno. Mji mzima uko mashambani, mumewe yuko Bahrain, ndugu yake Khalfan kaenda sokoni Nizwa na ngamia. Alilala siku nne na kitoto chake, na kupitia tundu la dirisha akiuona mtende wake mwenyewe, aliopewa mahari, umejaa mikungu mpaka umeinama. Tende zinadondoka zinaliwa na mbuzi. Hana nguvu za kutoka, hana wa kumkwelea. Maziwa yakakauka. Siku ya tano mtoto akafa.

"Tende zangu, Bahiya," aliniambia. "Nikiziona kwa macho."

Nilimshika mkono tu, akaniacha niushike, halafu akauvuta, akaendelea kusuka.

Sasa, hapa kwetu wasia hausubiri ugonjwa. Mtu akishakuwa na akili zake na kipande cha kitu, keshaandika, na kila miaka michache anaupangua na kuuandika upya. Sheria inakuachia theluthi ya mali yako uielekeze unapotaka, kilichobaki ni cha warithi. Watu wa hapa theluthi hiyo wanaijua kuliko wanavyoyajua majina ya wajukuu wao. Huyu kausia mtende kwa watakaofuturu msikitini, yule masufuria makubwa ya kuazimwa harusini, mwingine kausia riyali za kutengenezea mfereji. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tulikuwa na miaka kumi na moja hapa Bi Shinuna aliponijia na karatasi kaikunja ndani ya ushungi.

"Niandikie wasia wangu."

"Mie? Si yupo Sheikh Zahir? Ndiye mwandishi wa mji."

"Nikimpelekea Sheikh Zahir, mkewe atajua kabla ya adhuhuri na mji mzima kabla ya alasiri. Weye umesoma skuli, na huna shoga wa kumsimulia."

"Ahsante," nikamwambia.

"Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. Nikachukua kalamu. Akaanza na sanda, na ujira wa kumwosha, na siku alizokula za Ramadhani katika uzazi. Akaniambia nimwandikie riyali tano kwa watu aliowadhulumu bila kujua.

"Na uliowadhulumu kwa kujua je?"

"Hao walistahiki. Endelea."

Halafu sauti yake ikashuka. "Andika hivi. Mtende wangu naghali, ulio mwisho wa shamba la marehemu ndugu yangu Khalfan, ni sadaka. Tende zake ni za kila mwanamke atakayezaa Sidraya na hana wa kumpikia. Awe wa hapa, awe wa kuja. Awe na mume, awe hana. Asiulizwe."

"Asiulizwe nini?"

"Asiulizwe kitu. Weye andika asiulizwe."

Nikaandika. Wallahi niliandika kwa mwandiko ambao hata mwalimu wangu wa Unguja angenisifu. Nikamsomea yote, akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akasema vumbi. Mashahidi wakawa Suleiman wangu na mzee Hilal bin Amur, jirani, asiyejua kusoma. Nikamsomea, akasema Mungu amkubalie, akatia dole gumba, akakimbilia sala ya jamaa ya alasiri. Karatasi ikaingia sandukuni. Nilijiona nimemlipa bakuli lake, na zaidi ya bakuli. Nilijiona mtu mkubwa.

Akaishi miaka miwili mingine, akafa wakati wa baridi, kwa kikohozi ambacho alikataa kukiita ugonjwa. Nilimwosha mie. Vidole vyake vilikuwa na sugu za ukili mpaka kwenye kucha.

Mrithi wake alikuwa mmoja, Nasir, mtoto wa yule ndugu yake Khalfan. Nasir alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole wa sauti, mgumu wa moyo, na shamba lake la midimu ndilo lililokuwa roho yake. Siku ya tatu matanga yalipoanuliwa, tukasoma wasia mbele ya watu. Nasir hakupinga kitu. Sanda keshalipa, za saumu akalipa, riyali tano za dhuluma akazitoa pale pale. Tukafika kwenye mtende. Wanawake nyuma ya pazia wakaanza kulia, na mie nikiwa miongoni mwao nikalia kwa fahari.

"Mtende nimeusikia," Nasir akasema. "Maji yake yako wapi?"

Nikaomba karatasi, nikaipitia mara ya pili, nikaipitia mara ya tatu, kama kwamba neno nililoliacha litaota lenyewe.

Kwetu Unguja mnazi unanyweshwa na Mungu. Mtu akikupa mnazi kakupa mnazi, yamekwisha. Huku mvua ni hadithi. Huku mti ni mali moja na maji ni mali nyingine. Utamkuta mtu ana miti mia hana tone, na mwingine ana saa tatu za maji hana hata mche wa bizari. Maji yanatoka kwenye falaji, mfereji wa mji unaotoka chini ya mlima, na kila mwenye haki ana saa yake na siku yake. Bi Shinuna alikuwa na nusu saa, kila siku ya nane, kaachiwa na mama yake. Mtoto wa miaka sita wa hapa angejua kuandika "na maji yake". Mie nilikuwa na miaka kumi na moja Sidraya, na mkono wangu ulikuwa bado uko Unguja.

Suleiman ndio kabisa, mtu wa minazi kama mie. Nikamkimbilia mzee Hilal, nikamfokea: yeye mtu wa hapa, kwa nini hakusema?

"Mama Asila," akaniambia kwa huzuni, "mtu akikwambia kanunua punda, utamuuliza kama ana miguu? Mie nilisikia mtende, nikajua na maji."

Nikaenda kwa Nasir. Sikwenda kwa upole, nasema kweli, nilikwenda nimefura.

"Unajua shangazi yako alichokusudia."

"Najua alichoandika."

"Aliyeandika ni mie! Kosa ni langu!"

"Basi kosa lako nilipe mimi?" Sauti hakuipandisha. "Mama Asila, huu mwaka wa tatu wa ukame. Falaji imekuwa uzi. Nina midimu arobaini inakufa, na nina watoto saba. Hiyo nusu saa Mungu kaniletea. Kwenu huko mvua inanyesha mpaka mnaichoka. Hapa tone lina mwenyewe."

"Mtende utakufa, Nasir."

"Ukifa, umekufa wa sadaka. Sikuukata mimi."

Ala! Nilitaka kumrukia. Tukaenda kwa kadhi, na kadhi, mtu mzuri sana, aliyemjua marehemu, akasoma, akavua miwani, akasema Nasir ana haki. Kisichousiwa ni cha mrithi. Anaweza kutoa akipenda, halazimishwi. Nasir akasema hapendi. Maji yakishamwagika hayazoleki, na niliyemwaga ni mie.

Wakati huo mabomba yalikuwa yameshaingia nyumbani, lakini maji yakija siku mbili kwa juma. Nikaanza kuchota. Ndoo kichwani, ndoo mkononi, kutoka nyumbani mpaka mwisho wa shamba la Nasir, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Wanawake wakinipita wananicheka: "Mzinjibari anamwogesha mtende!" Mtende haunyweshwi kwa ndoo jamani. Unakunywa na kukuangalia, kama hujaupa kitu. Makuti ya chini yakakauka, yakafuatiwa na ya kati. Zile tende changa, kijani, ndogo kama punje za tasbihi, zikaanza kupukutika. Nikizikuta asubuhi chini zimetapakaa, naziokota moja moja nazitia mfukoni, sijui kwa nini.

Mwezi ule ule akajifungua mke wa askari mmoja Mbalushi, Gulnaz jina lake, mgeni kuliko nilivyokuwa mie. Hana mtu. Nikampelekea tende za dukani, za mwaka jana, ngumu. Akala, akanishukuru kwa lugha yake, akaibusu mikono yangu. Nilirudi nyumbani nikajifungia, nikalia mpaka Asila akagonga mlango. Bi Shinuna alikuwa ametaka jambo moja tu duniani, na mie, niliyelishwa kwa mkono wake, ndiye niliyeliharibu.

Kila Ijumaa baada ya sala, falaji inauza maji yake yenyewe. Ni sehemu ya mji, inapigwa mnada penye ukuta wa msikiti, na pesa zinakwenda kwenye matengenezo. Wanaume wanakaa mstari chini ya ukuta, na dalali anapita mbele yao huku na huku. Mwanamke akitaka maji anamtuma mume au mtoto. Suleiman nilimtuma, akashindwa mara mbili. Mwaka ule nusu saa ilikuwa ikipanda mpaka riyali tatu, nne, na mshahara wa mwalimu una mwisho wake. Mara ya tatu nikamwambia akae nyumbani.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Mnadani."

"Bahiya, utaniaibisha."

"Aibu yangu ni kubwa kuliko yako. Niachie njia."

Nikajifunika vizuri, nikaenda, nikasimama penye kivuli. Mazungumzo yakakatika. Dalali wetu, Mubarak, mtu wa mzaha siku zote, akaniangalia kama kaona ngamia juu ya dari.

"Mama Asila, umepotea njia?"

"Sikupotea. Nusu saa ya kwanza, baisa mia."

Vijana wakachekelea. Baisa mia ni bei ya soda; riyali moja ni baisa elfu.

"Baisa mia," akasema Mubarak pole pole. "Kwa shamba gani?"

"Sina shamba. Ni kwa mtende wa wazazi, wa wanawake waliojifungua."

Akageuka, akaanza kupita mbele yao. "Baisa mia, nusu saa ya kwanza! Baisa mia! Nani ataongeza?" Nikaukaza mkono wangu ndani ya buibui, nikisubiri mtu wa kwanza aseme riyali, yaniishe. Wa mwanzo wa mstari akatazama vidole vyake vya miguu. Wa pili akawa anajisafisha kucha. Mubarak akapita mpaka mwisho, akarudi, sauti imemshuka: "Baisa mia, jamaa." Hakuna aliyefungua mdomo. Nikadhani wananidhihaki. Ikanichukua muda kufahamu kwamba wananiachia.

Akabaki Nasir. Kakaa karibu na mtungi wa maji, na midimu yake kila mtu anaijua hali yake. Akainua kichwa, akavuta pumzi kama wa kutaja bei. Wanaume wote wakawa hawamwangalii, kwa namna ile ya kutomwangalia mtu kusudi. Halafu akasimama, akakung'uta kanzu, akaondoka. Mpaka leo sijui ilikuwa huruma au haya, na sikumuuliza.

"Nimeuza," Mubarak akasema.

Mzee Hilal alichukua jembe lake mwenyewe akaenda kufungua maji. Kijifereji cha kwenda kwenye mtende kinapita ndani kwa ndani katika shamba la Nasir, baina ya midimu. Nilikwenda nayo yale maji hatua kwa hatua. Nasir alikuwa kasimama kule, mikono nyuma, anayaangalia yanavyopita miguuni mwa miti yake yenye kiu. Hakuchepusha hata tone. Yalipofika shinani mwa mtende yakaanza kuzama na kutoa mapovu, nikapiga magoti nikayagusa, na wala sikujali nani ananiona.

Mwaka ule tulipata tende kikapu kimoja. Mwaka wa pili vinne.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa nusu saa ya kwanza inatajwa baisa mia, na mstari mzima unanyamaza. Mara moja alikuja mtu wa kijiji cha pili, hajui, akasema riyali. Masikini ya Mungu, alirukiwa kama kaiba viatu msikitini. "Hiyo ya wazazi wewe! Kaa chini!" Akaomba msamaha mara tatu. Ijumaa iliyofuata akaleta kopo la samli.

Nami nikawa napika. Nilimpikia mke wa fundi cherehani Mbangali. Nilimpikia binti wa watu wakubwa hapa hapa mjini, aliyegombana na mama mkwe, akawekewa chakula mlangoni kama paka. Msichana mmoja aliletwa kwetu na shangazi yake, kajifunika uso mzima, hana mume. Nilimlisha kwa mkono. Akaniuliza, "Huniulizi kitu?" Nikamwambia imeandikwa nisikuulize.

Lakini nilikuwa na wasiwasi wangu. Kunyamaza kwa wanaume si karatasi. Mzee Hilal akafa, Mubarak akafa, mstari ukaanza kuwa na sura nisizozijua. Na mie nitakufa. Siku nisiyosimama pale chini ya ukuta, nani atasema baisa mia? Basi nikaanza kutarizi kofia. Kazi hiyo nilikuja nayo kutoka kwetu, na kofia nzuri ya mkono hapa ina heshima yake na bei yake. Tundu kwa tundu, miaka sita, macho yakaharibika. Nilikuwa natafuta nusu saa ya kununua moja kwa moja, iwe milki.

Wakati huo ugonjwa ukaingia kwenye midimu, nchi nzima. Ya Nasir ikafa yote, na miaka yote ile alikuwa ameinywesha kwa roho yake. Jioni moja akabisha hodi. Alikuwa amezeeka.

"Nataka kuuza nusu saa ya shangazi," akasema.

"Kwa nini unaniletea mie?"

"Kwani nimpelekee nani?"

Akataja bei ya sokoni. Nikamwambia hana haya. Akaniambia ana watoto saba. Nikamwambia ya saba nimeshayasikia, atafute mengine. Akacheka, mara ya kwanza namwona meno. Lakini hakupunguza, na mie nikalipa pesa za kofia zote zile mpaka ya mwisho. Nilikasirika mwezi mzima. Baadaye nikaona ni afadhali. Angenipa bure ingekuwa sadaka yake. Kaniuzia, imekuwa yangu, na kilicho changu naweza kukiusia.

Mwaka huu daktari kausikiliza moyo wangu mara mbili, akaanza kuzungumza na Asila badala ya mie. Nikajua. Nikachukua kalamu nikaandika wasia. Asila, ambaye sasa naye ni bibi, akausoma juu ya bega langu.

"Mama, mtu anausia maji kwa mtende wa mtu mwingine?"

"Mie sina mtende. Na ule hauna maji. Tumekutana."

Kwa ushahidi nikamwita mwanafunzi mmoja wa zamani wa Suleiman, na nikamwita Nasir. Asila akashangaa. Watu wote wa mji huu, nimwite Nasir? Nikamwambia aliyeliona kosa mara ya kwanza ndiye atakayeliona la pili. Akaja na mkongojo, akakaa, akavaa miwani, akaichukua karatasi. Nilikuwa nimeandika kila kitu. Nusu saa ya maji ya falaji, siku ya nane, kwa mtende naghali wa marehemu Shinuna binti Masud, unaoliwa na wazazi, na mtende wowote utakaopandwa mahali pake ukifa. Nilikuwa nimeisoma mara ishirini.

Akasoma pole pole, midomo inacheza. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akavua miwani.

"Umesahau," akasema.

Moyo wangu ule ule mbovu ukaanguka. "Nimesahau nini tena, Nasir?"

"Maji yatapita wapi?"

Sikufahamu. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi. "Yanapita ndani ya shamba langu. Mimi nikifa wanangu watauza. Wote wako Maskati, shamba hawalitaki. Atakuja mtu kununua, atajenga nyumba, atazungusha ukuta. Maji yako yatafika ukutani yatasimama. Atakuwa na haki, Mama Asila. Njia haikuandikwa."

Nikaiangalia ile karatasi mpaka herufi zikanichezea. Nilichokuwa nacho kilikuwa maji. Njia haikuwa yangu, siwezi kuiusia. Na nikafahamu pia kwamba angetia sahihi na kunyamaza, nisingejua mpaka kaburini, na shamba lake lingepata bei nzuri zaidi kwa kutokuwa na mfereji wa mtu ndani yake.

"Basi imekwisha," nikasema.

"Haijakwisha. Andika." Akaweka mkongojo pembeni, akakaa vizuri. "Andika hivi. Na njia ya maji hayo, upana wa dhiraa moja, tangu mlango wa falaji mpaka shinani mwa mtende, ndani ya shamba la Nasir bin Khalfan, ni wakfu kutoka kwake, kuanzia leo, haiuzwi, haizibwi, hairithiwi. Jina langu liweke kamili."

Nikamgeukia Asila. Asila akaichukua kalamu akaandika yeye, machozi yanamdondoka, na Nasir akimwambia asilowanishe wino.

"Haya, soma," akamwambia alipomaliza. "Soma yote tangu juu. Tusije tukaacha kitu."

Asila akasoma tangu bismillahi. Nasir akasikiliza kafumba macho, kila neno, na alipofika kwenye njia akamwambia arudie. Akarudia. Nasir akatia sahihi yake, akanisukumia karatasi nitie yangu.